Kengele haizibi tundu

Haya jamaa, leo tuweke kando habari za programu kidogo tuongee juu ya mifereji na matangi ya maji. Usihame, kompyuta tutazirudia sasa hivi.

Kila baada ya muda mfupi kijana mwenzangu wa fani hii hunionyesha mradi wa "tangi lenye akili". Mradi wenyewe ni ule ule: kihisio juu ya tangi, laini ya simu, na programu yenye michoro ya rangi rangi inayokuonyesha maji yaliyobaki. Ukimwuliza anamtengenezea nani, atakwambia ni wazazi kule Kitui au Makueni, watu wanaojua thamani ya tone. Nia ni njema, sibishi. Ila mimi, niliyesomea sayansi ya kompyuta na ninayekula kwa kuandika programu, nashikilia hivi: katika nyumba nyingi za huko, pesa za kihisio zingefaa zaidi zikinunua vali nzuri, yunioni moja, utepe wa nyuzi na kumlipa fundi. Kengele haizibi tundu.

Tuanze na hesabu. Weka kikombe cha robo lita chini ya kiungo kinachovuja. Tuseme kimejaa kwa dakika 10. Hiyo ni lita 1.5 kwa saa, lita 36 kwa siku, karibu mitungi miwili ya lita 20. Kwa kasi hiyo tangi la lita 5,000 litamalizika kwa siku 139 hivi, bila mtu kuchota hata kata moja. Sasa tazama kalenda. Mvua za masika Ukambani huisha Mei, na zile za vuli, ambazo ndizo wakulima wa huko huzitegemea zaidi, huanza Oktoba. Hesabu kutoka tarehe 1 Juni: siku ya 139 ni tarehe 17 Oktoba. Kitundu hicho kinaweza kunywa kiangazi kizima! Ni kweli kwamba maji yakishuka msukumo nao hupungua, kwa hiyo mwishoni litavuja polepole. Lakini hilo halimfariji mama anayebeba mtungi kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto.

Je, kihisio kingeliona tundu hilo? Tangi lenye kipenyo cha mita 1.8 likipoteza lita 36, maji hushuka milimita 14 tu kwa siku. Kwa saa ni kama milimita 0.6. Vihisio vya bei nafuu vinavyopima kwa mawimbi ya sauti hukosea kwa milimita kadhaa, na mchana kutwa watu wanachota. Programu itadhani familia imefua nguo. Naam, unaweza kusoma kipimo usiku wa manane, siku kadhaa mfululizo, ukatafuta mteremko. Lakini karatasi ya shashi inafanya kazi hiyo kwa dakika tano. Kausha kiungo kwa kitambaa, zungushia karatasi, subiri, kisha tazama palipolowa. Nayo inakuonyesha kiungo chenyewe, jambo ambalo kihisio cha juu ya tangi hakiwezi.

Sasa tundu lenyewe. Mahali pabovu zaidi huwa pale tangi lilipotobolewa ili bomba litoke. Kiungo cha hapo ni ndugu ya kile wanachotumia wafuga samaki wa mapambo kwenye hodhi za vioo: bomba fupi lenye nyuzi, nati, na gaskiti ya mpira. Kinachozuia maji hapo ni mpira uliobanwa kwenye ukuta wa tangi, si nyuzi. Kwa hiyo kurundika utepe kwenye nyuzi za kiungo hicho ni kazi bure. Punguza maji, fungua, safisha ukuta wa tangi, badilisha mpira kama umekauka au umepasuka, kisha kaza kwa mkono na uongeze kidogo tu kwa spana. Ukizidisha nguvu, plastiki hupasuka na utakuwa umenunua tatizo jipya.

Utepe una mahali pake: pale mfereji au vali inapoingia kwenye bomba. Uzungushe kwa kufuata upande ambao kiungo hukazwa. Ukiuzungusha kinyume, utajikunja na kutoka wakati unakaza.

Na vali iliyokwama? Maji ya visima virefu vingi huko yana chumvi, na huacha ukoko mweupe kwenye shaba. Vali isiyoguswa mwaka mzima huganda. Usichukue bomba refu ukalifanya mtarimbo. Shika kiungo cha upande wa tangi kwa spana moja na ugeuze vali kwa nyingine, la sivyo nguvu yote itaishia kwenye ukuta wa tangi. Ukoko wa chokaa hulainika ukilowekwa kwenye siki. Baada ya hapo jizoeze kufunga na kufungua vali mara moja kwa mwezi.

Na ile yunioni niliyoitaja? Ni kiungo kinachokuwezesha kutoa mfereji au bomba bila kukata kitu. Ukiiweka mbele ya vali, unafunga, unafungua, unabadilisha kilichoharibika, na tangi linabaki na maji yake. Waandishi wa programu tunajua somo hili: ukitaka kubadilisha sehemu moja bila kuzima mfumo mzima, ni lazima uwe umepanga hivyo tangu mwanzo.

Najua kuna atakayenitajia Kyuso, huko huko Kitui, na ana haki. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu huko pampu za mkono zilizofungwa kifaa ndani ya mpini. Kifaa kilihesabu mwendo wa mpini na kutuma takwimu kwa ujumbe mfupi wa simu. Muda wa wastani wa kutengeneza pampu iliyoharibika ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Ushindi mkubwa! Ila tazama vizuri kilichokuwa nyuma ya ujumbe ule. Kulikuwa na mafundi wanaosubiri, wenye spea, wenye usafiri, na wenye wajibu wa kufika. Kilichozaliwa baada ya jaribio lile ni FundiFix, huduma ya matengenezo inayofanya kazi Kitui na Kwale. Jina lenyewe linaanza na fundi. Ondoa fundi, ubaki na data safi kabisa za pampu zilizokufa.

Kwa hiyo sisemi teknolojia haina kazi. Pampu iko kijijini, fundi yuko mbali, watu wengi wanaitegemea: hapo ujumbe mfupi unaokoa siku nyingi. Tangi la nyumbani ni jambo tofauti. Mwenye tangi hulipita kila asubuhi na huona tope chini ya bomba. Habari anayo. Anachokosa ni mpira wa shilingi chache, spana mbili, na mtu wa kumwonyesha mara moja.

Rai yangu basi. Ukienda nyumbani kabla ya mvua za Oktoba, beba gaskiti mbili, utepe na yunioni ya kipimo cha bomba la kwenu. Zunguka viungo vyote na karatasi ya shashi. Mfundishe mdogo wako kugeuza vali. Na kama mkono unawasha kuandika programu, basi iandike ya fundi: nani yuko karibu, ana spea gani, aliitwa lini, alifika lini, na je, amelipwa? Hiyo nitaisifu mimi mwenyewe.