MAONI: Voliboli si urefu tu, jipange kabla ya siku ya mchujo

Muhula wa pili ndio wa voliboli katika kalenda ya michezo ya shule za sekondari. Kwa hivyo shule zikifunguliwa, usitarajie kocha akupe mwezi mzima wa kupasha misuli. Atapuliza kipenga, awatazame wanafunzi hamsini kwa alasiri moja, kisha abandike orodha ya wachache. Ukikosa jina lako utaambiwa "jaribu mwaka ujao." Sasa kama uko Kidato cha Nne, mwaka ujao utautoa wapi?

Ndiyo maana tunakwambia wewe wa Makutano mjini Meru, na wewe wa Dallas kule Embu: likizo hii ya Aprili usiimalizie kwa simu. Najua mvua inanyesha na uwanja ni matope. Lakini ukuta upo. Mpira mmoja na ukuta vinatosha kukufunza kupokea kwa mikono ya mbele, magoti yakiwa yamekunjwa. Huna wavu? Funga kamba kati ya miti miwili, mita 2.24 kwa wasichana na 2.43 kwa wavulana, hivyo ndivyo vipimo vya wakubwa. Ukizoea hapo, wavu wa shule hautakutisha.

Anza na servisi. Siku hizi kila mpira ni pointi, kwa hivyo servisi ikigonga wavu na kubaki upande wako, umempa mpinzani zawadi. Seti ni pointi 25. Ukipoteza servisi tano hivi hivi, umewapa wenzako mlima wa kupanda. Kocha yeyote mwenye macho atampenda anayevusha kumi kwa kumi kuliko yule wa smashi moja ya kushangiliwa na tisa za nje.

Na usidanganywe ati wewe ni mfupi, voliboli si yako. Kwani libero ni nani? Ni mchezaji wa nyuma ambaye haruhusiwi hata kupiga bloku. Kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira. Seta naye hulipwa kwa akili na mikono laini. Jijue wewe ni wa nafasi gani kabla hujaulizwa. Tena ukiwa uwanjani, ita mpira kwa sauti. Mtu bubu hachaguliwi.

Kwa nini tunalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu mchezo huu unaweza kuwa riziki. Malkia Strikers wamecheza Olimpiki mara nne: 2000, 2004, Tokyo na Paris 2024. Wengi wao wamepitia klabu za Magereza, KCB na Kenya Pipeline, na safari ya wengi ilianzia kwenye uwanja wa vumbi wa shule. Sasa kuna hata mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa wanafunzi wa Gredi ya 10. Si wote watafika huko, na vitabu usiviweke kando. Lakini mlango usifungwe kwa alasiri moja tu.

Hapo tuna neno na walimu wa michezo wa Meru na Embu. Mnajua vizuri Kanda ya Mashariki si mchezo. Ukitaka kwenda kitaifa unakutana na wasichana wa Kwanthanze kutoka Machakos, ambao wamewahi kuwa mabingwa wa nchi. Timu ya kuwasumbua hao haipatikani kwa kuchagua warefu na waliokuja na jina. Fanyeni mchujo kwa siku tatu, si moja. Semeni mapema mnatafuta nini. Wapeni wanafunzi namba kifuani, muandike alama, na anayeachwa aambiwe ameachwa kwa nini. Na asiye na viatu vya maana asirudishwe kabla hajagusa mpira.

Mwanafunzi aliyeambiwa ukweli hurudi na bidii. Aliyeachwa bila sababu hurudi mtaani, na huko, kwenye miraa na muguka, hakuna anayefanyiwa mchujo; kila mtu anakaribishwa.

Haya basi, mpira huo. Ukuta unakungoja.