Mpigana Mieleka Aliyekataa Kuandikiwa

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, mzazi mmoja alisimama akalalamika ya kuwa vijana wa shule hii, wanapokuwa likizo, hupoteza jioni nzima wakitazama mieleka ya Marekani katika televisheni, na kwamba mieleka hiyo ni mchezo wa majitu yasiyo na akili, tena ni uongo mtupu. Wazazi wengi walipiga makofi, na walimu wengine pia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa, wala si mpenzi wa mieleka. Walakini naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu, kwani katika mchezo huo huo yumo mtu mmoja ambaye natamani wanafunzi wangu wamjue, si kwa sababu ya ngumi zake bali kwa sababu ya daftari lake.

Kwanza nakubali ya kuwa mzazi yule asema kweli kwa sehemu moja. Mieleka ile si mashindano kama mashindano ya mpira. Mshindi hupangwa kabla watu hawajaingia ukumbini. Wenye kampuni kubwa ya mchezo huo walilieleza jambo hili wao wenyewe mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey mwaka 1989, wakisema kazi yao ni maonyesho ya kufurahisha watu, maana walitaka kuepukana na kanuni na kodi walizowekewa wafanyao michezo ya kupigana. Kwa hiyo mtoto akikusimulia fulani alivyomwangusha fulani, usimcheke, bali mwulize ni nani aliyeitunga hadithi hiyo. Hilo ni swali la fasihi, na darasani tunaliuliza kila siku. Lakini kupangwa kwa mshindi hakumzuii mtu kuumia. Ukianguka kutoka juu utaifikia sakafu vile vile, iwe umepangiwa kushinda au kushindwa.

Mtu ninayemtaja ni Mick Foley. Alizaliwa tarehe 7 Juni 1965 huko Bloomington, katika jimbo la Indiana, akakulia Long Island karibu na jiji la New York, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa michezo ya shule. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo huko Cortland, mwezi wa Oktoba 1983, alisimama barabarani akaomba lifti mpaka New York ili akaone pigano moja katika ukumbi wa Madison Square Garden. Usiku ule mpiganaji aitwaye Jimmy Snuka alipanda juu ya kizimba cha chuma akajitupa chini juu ya adui yake, Don Muraco. Kijana Foley akanuia moyoni kwamba kazi yake itakuwa hiyo.

Wanafunzi wangu wakifika hapa katika hadithi husema, "Basi akaacha chuo." La, hakuacha. Siku za masomo alisoma, na mwisho wa juma aliendesha gari mamia ya maili hadi Pennsylvania, kwa mwalimu wa mieleka aitwaye Dominic DeNucci, akilala ndani ya gari kwa kukosa fedha ya nyumba ya wageni. Alikwenda hivi juma baada ya juma, hata akahitimu chuo na mieleka akaijua.

Alipoingia ulingoni hakuwa na umbo la kupendeza. Alikuwa mnene, nywele timutimu, wala hakuwa na misuli ya kuchorwa katika picha. Kwa kuwa hakuweza kushindana na wenzake kwa uzuri wa mwili, alichagua kuwa mtu wa kuvumilia maumivu kuliko wote. Machi 1994, huko Munich katika Ujerumani, kichwa chake kilinaswa katika kamba za ulingo, na alipojitoa sehemu kubwa ya sikio lake la kulia ilitoka. Tarehe 28 Juni 1998, huko Pittsburgh, alitupwa kutoka juu ya kizimba, kimo cha mita tano hivi, akaangukia meza ya watangazaji. Aliinuka akapanda tena, na mara ya pili paa la kizimba likaachia, akaanguka ndani. Januari 1999 alifungwa pingu mikono nyuma akapigwa kichwani kwa kiti cha chuma mara nyingi, na mkewe na watoto wake walikuwa wameketi karibu wakilia. Filamu ya kweli iitwayo Beyond the Mat iliwaonyesha wakilia, na hata yeye mwenyewe alipoonyeshwa picha zile alifadhaika.

Mambo haya siyasifu hata kidogo. Kichwa cha mtu si ngoma. Kampuni yenyewe ilikuja kuupiga marufuku mtindo wa kupigana viti kichwani mwaka 2010, na mwanafunzi yeyote atakayekutwa akimrukia mwenziwe kutoka kitanda cha juu bwenini asije akataja makala yangu mbele ya mwalimu wa zamu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tarehe 4 Januari 1999 Foley alionyeshwa katika televisheni akiutwaa ubingwa wa dunia wa kampuni yake. Pigano lilikuwa limerekodiwa siku chache kabla, na kampuni shindani, WCW, iliyokuwa ikionyesha mieleka yake saa ile ile, iliyajua matokeo. Mtangazaji wao, Tony Schiavone, aliamriwa na mkubwa wake awaambie watazamaji ya kuwa Foley atashinda, tena aseme kwa dhihaka, kana kwamba hakuna mtu atakayetoka kwake kwenda kumtazama bingwa wa namna hiyo. Mtangazaji akasema alivyoamriwa. Mara laki kadhaa za watazamaji wakageuza stesheni wakaenda kumtazama Foley! Kejeli ile ilikuwa ya mkubwa wake, lakini imekaa juu ya jina la Schiavone mpaka leo, kwani sauti iliyosikika ni yake.

Mwaka huo huo kampuni ilitaka kitabu cha maisha ya Foley. Kama ilivyo desturi kwa watu mashuhuri, alipewa mwandishi wa kukodiwa: mchezaji huongea, mwandishi huandika, na jalada hubeba jina la mchezaji. Foley alipozisoma kurasa za kwanza hakujiona ndani yake. Habari zilikuwa zake, lakini maneno yalikuwa ya mtu mwingine. Akaomba aachiwe aandike mwenyewe. Hakutumia mashine ya kupiga chapa wala kompyuta. Alichukua kalamu na karatasi za mistari, akaandika katika ndege, katika vyumba vya hoteli, na nyuma ya kumbi kabla ya kuitwa ulingoni. Kwa muda usiotimia miezi miwili alijaza kurasa zaidi ya 700 kwa mkono. Kitabu kilitoka Oktoba 1999 kwa jina la Have a Nice Day!, kikapanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyonunuliwa sana. Cha pili, Foley Is Good, kilitoka mwaka 2001, nacho kikafika nafasi hiyo hiyo.

Mtu atasema, "Kilinunuliwa kwa sababu ya umaarufu wake." Ni kweli umaarufu ulikiuza. Lakini baada yake wapiganaji wengi walitoa vitabu, nao walikuwa maarufu, wengine kumshinda, na wengi wao waliandikiwa. Mimi nimekisoma cha Foley. Ni kirefu mno, mzaha mmoja hurudiwa mara tatu, na mahali pengine mhariri angalifanya vema kutumia mkasi. Hata hivyo ukisoma kurasa kumi huna shaka kuna mtu anayesema nawe: anajicheka, anaona haya, ana kinyongo na wakubwa zake, anawapenda watoto wake. Makosa yenyewe ni ya mtu. Baadaye aliandika vitabu vya watoto, na riwaya mbili, Tietam Brown (2003) na Scooter (2005). Hiyo ya kwanza ni hadithi ya kijana aliyepotewa na sikio, na ina ukatili na matusi ambayo singependa Kidato cha Kwanza wayasome.

Aliacha kupigana kila siku mwaka 2000, na mwaka 2008 alipewa kiti cha utangazaji wa mieleka. Ungedhani kazi ya kuketi na kusema ingemfaa kuliko zote mtu mwenye maneno mengi kama yeye. Lakini watangazaji wa kampuni ile huvaa vyombo vya kusikilizia masikioni, na katika vyombo hivyo mwenye kampuni, Vince McMahon, alikuwa akiwaelekeza wakati wote wa onyesho: sema hili, usiseme lile, kwa nini umesema vile? Tena kwa kelele na kwa ukali. Mtu yule aliyestahimili kutupwa kutoka juu ya kizimba hakustahimili hayo. Baada ya miezi michache akaondoka, na mwaka 2010 akaieleza habari hiyo katika kitabu kingine, Countdown to Lockdown, ambamo pia amesimulia safari yake ya Sierra Leone, alikosaidia shule za watoto.

Kwa nini nawaeleza haya ninyi wa shule hii? Kwa sababu muhula huu nilisahihisha insha 42 za Kidato cha Tatu juu ya "Siku Nisiyoisahau", na kumi na moja kati yake zilianza kwa jua lile lile likichomoza mashariki kwa madaha yale yale, na ndege wale wale wakiimba. Mwanafunzi mmoja, ambaye najua kwao ni pwani na baba yake ni mvuvi, aliandika habari za theluji. Najua zilikotoka. Nyingine zimetoka katika vijitabu vinavyouzwa stendi ya mabasi, nyingine katika programu za simu, ambazo siku hizi ukizipa kichwa cha habari hukutolea insha nzima kabla chai haijapoa. Mwandishi wa kukodiwa amekuwa hana bei, na mtoto humbeba mfukoni.

Wenzangu wengine walimu husema, "Afadhali; angalau insha haina makosa." Hapa hatupatani. Mimi yule mwana wa mvuvi namtaka aniambie wavu wa baba yake ulikatika vipi, hata kama atakosea ngeli mara saba. Ngeli nitamsahihishia Jumatatu. Lakini kama hakuniambia juu ya wavu, nitasahihisha nini? Mtihani wa taifa utakapokuja hatakuwa na simu wala kijitabu, na baada ya mtihani zitakuja barua za kazi, mashtaka mbele ya baraza la kata, maombi ya mkopo, hotuba ya mazishi ya mzee wake. Nani atamwandikia hayo yote? Na akiandikiwa, lawama itamwangukia nani?

Liko jambo jingine, nalo lawahusu wanamichezo. Pana mazoea hapa ya kuwaruhusu vijana wa timu watoke katika kipindi cha insha ili wawahi mazoezi, kwa kudhani ya kuwa mwenye miguu mizuri hahitaji kalamu. Wao wenyewe wameanza kuamini hivyo. Kapteni wetu wa mpira akisimulia pigo la adhabu lililotutoa katika mashindano ya wilaya, bweni zima hunyamaza kumsikiliza, na mimi nimewahi kusimama nje ya dirisha nikasikiliza pia. Lakini tazameni magazeti yetu ya miaka mitatu iliyopita: "Habari za Michezo" zimeandikwa na kiranja wa maktaba, kijana mwema, ambaye hakwenda hata kwenye mechi moja. Ameandika ya kuwa timu yetu ilicheza kwa ari na moyo. Ameandika hivyo mara tisa.

Kwa hiyo nimezungumza na mhariri, naye amekubali. Katika toleo lijalo kurasa mbili za michezo zimeachwa wazi kwa ajili ya makapteni: wa mpira wa miguu, wa netiboli na wa riadha. Kila mmoja aandike mwenyewe, kwa mkono, katika karatasi za mistari, naye apewe kipindi cha Ijumaa kwa kazi hiyo badala ya kukimbia uwanjani. Mimi nitasahihisha tahajia na ngeli tu, sentensi sitazigusa. Makala yafike mezani kwangu kabla ya juma la mitihani. Kapteni wa netiboli amekwisha kuniuliza kama anaruhusiwa kumtaja mwamuzi, nami nimemjibu ya kuwa amtaje, mradi aandike alichokiona.