Historia si ya Wafalme Peke Yao

Wako watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wadhanio ya kuwa kitabu cha mambo ya kale hakina budi kujaa wafalme na vita. Ama kitabu kielezacho jinsi watu walivyokula, walivyovaa na walivyooza binti zao, hicho husema ni cha kupitishia wakati tu. Maneno hayo nayakataa kabisa.

Kitwaeni kitabu cha "Desturi za Wasuaheli", kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin. Humo mna kuzaliwa kwa mtoto, michezo yake, chuo chake, arusi, ngoma, kilimo, safari za bara, maradhi na mazishi. Wala watumwa hawakusahauliwa. Aliandika mambo ambayo watu wa mji wake waliyaona kila siku, na mengi katika hayo leo huyapati ila kitabuni. Vita havikosi msimulizi. Lakini chungu cha jikoni nani atakisimulia?

Wengine hunijibu: "Desturi za Waislamu wa pwani zatuhusu nini sisi? Na za kwetu za kale, si tumekwisha kuziacha?" Ajabu! Mtu atajuaje alichokiacha, naye hakijui? Tena ndio hao hao wawakaririshao watoto miaka ya kutawazwa kwa wafalme, kisha hunung'unika kwamba watoto hawapendi kusoma.

Yuko na Seyyida Salme wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844, baadaye akaitwa Emily Ruete. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1886. Wataniambia, "Huyo naye si binti wa Sultani?" Naam, ndiye. Lakini asimulia jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa kuandika. Msomee mtoto habari hiyo, kisha umwambie kwamba baba yake Salme aliitwaa Mombasa mwaka 1837, uone ni lipi atakalokuuliza kesho yake.

Basi, mwenzangu uyaitaye haya upuuzi, nijibu papa hapa gazetini: bibi yako mzaa mama alihifadhije mahindi yake yasiliwe na fukusi? Kama hujui, nenda kamwulize angali hai.