Mwenye Kuiga na Aulize Kunga

Hapa pwani kwetu, mwanagenzi wa ufundi wa majahazi huanza kwa kuiga. Humtazama fundi akishindilia pamba yenye mafuta baina ya mbao, naye akafanya vivyo hivyo. Hapana ubaya, ndivyo kazi ijifunzwavyo. Lakini aliyejua kuiga mkono wa fundi asijue kunga yake, siku akipewa chombo cha namna nyingine hupotea, na wenye kupanda chombo hicho wakapotea naye.

Vijana wetu wengi leo, wake kwa waume, wameingia katika ufundi mpya wa kutunga programu za kompyuta. Ni ufundi wa heshima, nasi twawaombea kheri. Ila pana maradhi yaliyowaenea watunzi wa programu ulimwenguni kote. Mtu huona maagizo ya mwenziwe yafanya kazi, akayanakili herufi kwa herufi, asiulize mstari huu umewekwa kwa nini. Kuuondoa aogopa, kuuacha hajui faida yake. Na siku hizi mashine yenyewe huombwa iandike, mtu akapokea tu.

Atasema msomaji, "Maadam kazi yaenda, pana dhara gani?" Na tutazame yaliyotokea tarehe 4 Juni 1996 huko Kourou, Guyana ya Ufaransa. Mataifa ya Ulaya yalirusha roketi mpya, Ariane 5, iliyobeba setilaiti 4. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka roketi ya kale, Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta taabu. Ndani yake mlikuwa na hesabu ambayo katika chombo kipya haikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka. Ikaachwa iendelee, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa zamani. Lakini Ariane 5 ilishika kasi kubwa zaidi ya kwenda upande. Tarakimu ikapita 32,767, ukomo wa nafasi iliyotengewa, na kompyuta ikazimika. Ile ya akiba ilikuwa na programu hiyo hiyo, nayo ilikuwa imekwisha zimika. Zilipopita sekunde 40 hivi tangu kuruka, roketi ilipasuka vipande vipande.

Mwanzo wa elimu hii haukuwa hivi. Neno algorithimu, yaani mpango wa hatua ambazo kompyuta hufuata, latokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Katika kitabu chake cha aljebra hakutosheka kuamrisha, "Gawa nusu, zidisha, ongeza." Alichora miraba, msomaji aone kwa macho yake kwa nini jawabu latoka sawa. Kanuni na sababu yake vilikwenda pamoja.

Jambo hili latugusa sote. Tangu 2007 Wakenya twapelekeana fedha kwa simu, na fedha hizo zalindwa na programu. Je, akiba ya mjane na aikabidhi kwa mtu asiyejua alichokiandika?

Basi twawanasihi vijana wetu: nakilini, lakini kila mstari uulizeni una kazi gani, na ukiondolewa patatokea nini. Walimu nao wasimkaripie mwenye kuuliza, na waajiri wasipende upesi kuliko ujuzi. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kubeba mzigo usiojua ndani mna nini, kisha ukamtwika mwenzio.