MIKOROSHO IMETOA MAUA, TUFUMBUE MACHO

Ndugu Wanakijiji,

Mikorosho imeanza maua, ya shambani na hata ile miwili mitatu ya uani. Ua likifa sasa, Oktoba tutapeleka ghalani magunia matupu.

Kwanza, ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya maua. Unatusumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hujificha kwenye maotea; tuyakate yote. Salfa tupige alfajiri, upepo umelala. Ugonjwa huu husafiri na upepo: uzembe wa mmoja ni hasara ya jirani.

Pili, mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka. Adui yake ni maji moto. Wapo wenzetu wanaochoma viota vyao, eti wanauma. Kweli wanauma, lakini ni walinzi wasiodai mshahara. Waacheni jamani!

Katibu wa Tawi