Pikipiki na Springi Zake

Mtu anunuapo pikipiki, swali lake la kwanza huwa juu ya injini: yaenda mbio kiasi gani, na yavuta uzito gani? Ni wachache waulizao habari za springi na shokapu, ilhali hizo ndizo zinazolishika gurudumu lisiiache ardhi. Gurudumu lililo hewani halipunguzi mwendo wa pikipiki hata likifungwa breki, wala halitii mkono wa dereva.

Mwaka 1950 kampuni ya Norton ya Uingereza ilitoa pikipiki ya mashindano yenye fremu mpya iliyobuniwa na Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini. Gurudumu la nyuma lilishikwa na mkono wa chuma wenye kupanda na kushuka, pamoja na shokapu mbili za mafuta. Injini yake ilikuwa ya silinda moja tu, na ile ya Gilera ya Italia ilikuwa na silinda nne na nguvu zaidi. Hata hivyo, mwaka 1951 Geoff Duke alitwaa ubingwa wa dunia kwa Norton, maana ilitulia katika kona.

Mwenye pikipiki ya kazi naye aweza kupata faida hiyo pasipo gharama kubwa. Kwanza, na apime upepo wa matairi. Pili, na aikandamize sehemu ya mbele kwa nguvu, kisha aiachilie. Ikiwa itarukaruka badala ya kuinuka na kutulia, mafuta yaliyomo katika miguu ya mbele yamechakaa au yamepungua. Yakivuja, sili zibadilishwe upesi, kwani yaweza kuifikia breki. Tatu, dereva akiisha kupanda, pikipiki ishuke kadiri ya robo hadi theluthi ya mwendo wote wa springi. Ikishuka zaidi, springi za nyuma zikazwe, pande zote mbili sawasawa.

Lakini na afahamu ya kuwa kukaza hakuigeuzi springi laini kuwa ngumu. Huinua kiti tu. Abebaye abiria au magunia kila siku yampasa kutafuta springi zilizofanywa kwa uzito huo, wala asiupite uzito ulioruhusiwa na watengenezaji.

Chupa moja ya mafuta ni rahisi kuliko mguu uliovunjika, hasa ukiwa mguu wa abiria aliyemwamini dereva. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.