Shangazi Hakudanganya

Mnara wa simu uliposimikwa nyuma ya nyumba yake, shangazi alianza kuumwa kichwa. Usingizi ukapotea, moyo ukawa unamwenda mbio. Mimi, msomi wa ukoo, nilicheka. "Shangazi, hayo ni mawazo tu."

Kuhusu mnara sikukosea, na hilo ndilo linalonikera, kwa sababu wengi wetu tuliosoma tunaishia hapo.

Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walikusanya majaribio 31 yaliyohusisha watu 725 wanaosema wanadhurika na mawimbi ya simu, skrini na vifaa vya umeme. Katika majaribio ya namna hiyo mtu huketishwa, mawimbi yakawashwa au kuzimwa bila yeye kujua. Majaribio 24 hayakuonyesha kwamba waliweza kuyahisi, na yale 7 yaliyobaki hayakusimama yalipochunguzwa. Wenzangu hufunga kitabu hapo. Wangesoma zaidi wangekuta kwamba watu huumwa hata mtambo ukiwa umezimwa, bora tu waamini umewashwa. Wanaumwa kweli.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema mambo mawili kwa pamoja: dalili hizi ni za kweli, na hakuna msingi wa kuzihusisha na mawimbi. Likashauri mgonjwa apimwe, isije ikawa kuna ugonjwa mwingine. Sisi tulishika la pili, la kwanza tukalitupa.

Aliyeliokota ni muuza vibandiko. Alimwita shangazi "mama", akamsikiliza nusu saa nzima, kisha akamuuzia kibandiko cha "kuzuia mionzi" cha kubandika nyuma ya simu. (Kingezuia kweli, simu isingeshika mtandao. Shangazi alinipigia kunisimulia kwa simu hiyohiyo.) Tapeli, ndiyo. Lakini katika watu wote waliomzunguka, ni yeye pekee aliyemuuliza kichwa kinauma upande gani.

Miezi minane nilimtumia makala za kuutetea mnara. Sikuwahi kumpeleka kupima. Alipimwa na jirani yake, muuguzi mstaafu, walipokuwa wakichambua mchele: presha 180 kwa 110. Daktari hakusema presha ndiyo iliyoleta maumivu ya kichwa. Alisema ingeweza kumuua.

Sasa anameza dawa kila asubuhi. Kibandiko hajakibandua, nami sijamwambia kitu.